Mitini Miwili Katika Shimo Moja

Nyuma ya nyumba yetu kule Waithaka kulikuwa na mitini miwili iliyoota katika shimo moja, na ukiniuliza mimi, hakuna miti mingine Kenya nzima iliyozaa kama ile. Msimu ukishika, ilizaa mpaka majani yakakosa mahali pa kukaa. Mmoja ulizaa tini nyeusi, ule weusi wenye zambarau ndani yake, kama matunda yaliyolala kwenye wino. Mwingine ulizaa tini za kijani, na hizo zilibaki kijani tangu zilipochomoza hadi zilipoanguka. Hili la pili watu wengi wa kwetu hawakulijua. Walijua kwamba plamu huanza kijani ikaishia nyekundu, na pasheni huanza kijani ikaishia zambarau, kwa hivyo waliitazama tini ya kijani wakangoja igeuke. Wakangoja mpaka ndege wakashiba, mpaka nyuki wakafanya arusi pale chini, na bado jirani ananiambia juu ya ua, "Mama, zile za kijani zikiiva utuitie."

Leo umebaki mti mmoja, ule wa nyeusi. Nataka kueleza ule mwingine ulienda wapi, lakini siwezi kueleza habari za mti huo bila kueleza habari za macho. Mwaka ule mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa akipoteza macho yake na hakutaka mtu ajue, hata mimi niliyemkorogea chai kila asubuhi tangu nikiwa msichana mwembamba. Ndiyo, niliwahi kuwa mwembamba. Picha zipo.

Mitini aliileta yeye. Ujanani alifanya kazi ya bustani huko Karen, kwenye boma lenye uwanja mkubwa kiasi kwamba, kwa maelezo yake, ukimwita mtu kutoka getini anafika mlangoni ameshaota mvi. Mitini ya pale ilipopogolewa aliruhusiwa kubeba vijiti. Akabeba viwili, kimoja cha nyeusi na kimoja cha kijani, akavichomeka katika shimo moja nyuma ya nyumba ya mamake, akiamini kwamba kimoja lazima kitakufa. Hakuna kilichokufa.

Mama mkwe alipoambiwa kwamba mtini ni ndugu wa mugumo, mambo yakabadilika. Kwa Wakikuyu wa umri wake mugumo ni mti mtakatifu, haukatwi. Alikuwa Mkristo wa kiti cha mbele, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi mpaka kinasimama chenyewe, lakini juu ya jambo hilo hakutaka kusikia la mchungaji wala la mzee wa kanisa. Panga lisiuguse mti. Nguo zisianikwe hapo. Watu wasigombane chini yake. Mimi na mume wangu tukitaka kugombana ilibidi tuhamie upande wa jikoni. Basi mitini haikupogolewa hata mara moja maisha yote ya mama huyo. Ikarefuka hadi nikahofia kwamba ndege ndogo za uwanja wa Wilson zitalazimika kuzunguka. Matawi yakasukana kama nywele: la nyeusi linapita ndani ya la kijani, la kijani linarudi juu ya la nyeusi. Ukiingiza mkono mle ndani, ni jicho peke yake lililoweza kukuambia umeshika tunda la mti gani. Kwa kupapasa zilikuwa pacha, unene ule ule, shingo ile ile.

Mimi nina kibanda cha matunda karibu na Adams Arcade. Alfajiri naenda sokoni kuchukua maembe na ndizi, halafu nashinda kibandani hadi jioni. Tini zilikuwa kazi yake yeye. Alizichuma mchana, akazipanga kwenye trei, nyeusi kwa nyeusi na kijani kwa kijani, na mimi nikazibeba kesho yake. Alijivunia kazi hiyo kuliko kitu kingine chochote alichowahi kufanya. Alikuwa akisimama mlango wa jikoni na kikombe mkononi, akatazama juu kwenye msitu ule wa majani, akasema, "Ile pale nyuma ya tawi lililovunjika, kesho." Na kesho kweli ilikuwa tayari, imeinamisha shingo, ganda limepasuka nyufa nyembamba, na chini kwenye kijitundu chake kuna tone linalong'aa.

Yeye pia ndiye aliyeanzisha maneno ambayo nilikuja kuyapigia kelele barabara nzima: nyeusi ndiyo tamu. Ilikuwa njia ya kumaliza ubishi. Mtu asiyejua tini akiona kijani anasema ni mbichi, akiona nyeusi anasema imeiva, na huwezi kumfundisha mtu anayekimbilia kuvuka Ngong Road. Kwa hivyo nyeusi ziliuzwa, na za kijani nyingi tulikula wenyewe, tukawagawia wageni, tukampelekea mchungaji.

Na ukweli ni kwamba tulikuwa tukila zilizo bora. Tini ya kijani ya kwetu ikiiva barabara, ukiipasua, ndani ni waridi iliyokolea, na utamu wake ni wa asali, mnyoofu, unaoingia moja kwa moja bila kubisha hodi. Mgeni mmoja aliila akakaa kimya kwa muda mrefu hivi kwamba nilianza kutafuta nambari ya ambulensi. Nyeusi ni kitu kingine. Ndani ni nyekundu kama jamu, na utamu wake una ukali kidogo pembeni, kama plamu au forosadi. Una mambo mengi mdomoni, lakini sukari yenyewe si nyingi kuliko ya mwenzake. Halafu nyeusi ina hila yake. Baridi ya mwezi wa saba ikifika, jua limejificha wiki nzima na manyunyu hayakatiki, ganda linaendelea kuwa jeusi kana kwamba hakuna lililotokea, ilhali ndani ni maji matupu. Rangi inafika, utamu haufiki. Ile ya kijani angalau haikujifanya. Ilikuwa ngumu ikiwa mbaya na laini ikiwa nzuri.

Haya mengine nilijifunza shule ya jioni, ile ambayo wazee wetu waliiita ngumbaru. Nilijiandikisha katikati ya jiji nikiwa mama mtu mzima, nikasoma kwa bidii hata miwani yangu ikaomba likizo, na cheti changu cha kidato cha nne kimetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kukiona. Mwalimu wa Biolojia alituambia kwamba tini si tunda kama machungwa. Ni maua mengi yaliyofungiwa ndani ya mfuko. Rangi ya mfuko ni ya ukoo wa mti, akasema, na sukari ni ya jua na ya siku za mwisho tunda likiwa bado tawini. Ukilichuma mapema halitaongeza utamu hata ulifunike kwa blanketi. Basi siku moja nikabeba tini darasani. Mwalimu akatufunga macho kwa skafu, watu wazima wote sisi, makarani na askari na mafundi, tukaonjeshwa moja baada ya nyingine. Karibu darasa lote lilisema ile tamu zaidi ndiyo nyeusi. Skafu zikafunguliwa: ilikuwa ya kijani. Askari mmoja alikataa katakata, akataka kesi isikizwe upya.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nikataka kumfanyia mzee wangu jaribio lile lile. Nilikuwa na tini mbili kwenye sahani na kicheko tayari mdomoni. Nikamwambia afunge macho.

Aliisukuma sahani. Halafu akasema, "Mimi sifungi macho," akainuka mezani, akatoka nje.

Nilidhani ameudhika na shule yangu. Wanaume wengine huudhika. Nilizila zile tini mbili peke yangu nikiwa nimenuna, na hazikuacha kuwa tamu kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo dalili zikaja moja moja, nami nikazipa kila moja kisingizio chake. Alikuwa na ugonjwa wa sukari wa siku nyingi, na kliniki walishamwambia akapimwe macho; akasema alienda, wakasema yako sawa. Akamimina chai huku kidole kimeingia kikombeni. Akasoma somo kanisani bila kufungua ukurasa, na waumini wakasifu jinsi Neno limemkaa moyoni. Akavaa kiatu cheusi na cha kahawia siku ya mazishi ya jirani. Nilipomtania alicheka, nami nikacheka zaidi, kwa sababu mimi kicheko hakinisumbui kukitafuta. Kisha nikanunua skafu mpya, nyekundu ya kupiga kelele, ile ambayo ukiivaa magari yanasimama yakidhani ni taa. Nikaivaa, nikasimama mbele yake mlangoni penye mwanga, nikamwuliza rangi yake anaionaje.

Akasema, "Imekupendeza."

Nikamwambia nimeuliza rangi.

Akasema, "Si ndiyo hiyo imekupendeza."

Nikaingia jikoni nikasimama karibu na karo nikiwa nimelifungua bomba bila kuwa na chochote cha kuosha. Nilijua, na sikutaka kujua. Nikajiambia kwamba mtu anayechuma tini na kuzipanga bila kukosea hawezi kuwa kipofu, na tini bado zilikuwa zikipangwa bila kosa. Sikuwaza kwamba msimu ule ulikuwa bado mchanga, na zilizokuwa zikiiva ni za matawi ya chini tu, aliyoyajua kwa mkono.

Mwishoni mwa kiangazi, mawingu ya kwanza yakiwa yameanza kukaa juu ya Ngong, dada mmoja wa Karen anayeoka keki za arusi aliagiza trei kadhaa za nyeusi. Mzee wangu alishinda juu ya ngazi mchana mzima. Niliporudi jioni trei zilikuwa zimefunikwa kwa majani ya ndizi na kufungwa kwa kamba, kama desturi yake, na desturi yangu ilikuwa kutofungua. Mtu hafungui kazi ya mwenzake kuikagua.

Zilifunguliwa Karen, juu ya meza ya yule mwoka keki, mimi nikiwa nimesimama kando nimetabasamu kwa kiburi. Nyeusi na kijani, kijani na nyeusi, mpaka chini. Lakini zilikuwa zimepangwa kwa mistari iliyonyooka kama watoto wa shule gwarideni, kila moja imelaza shingo upande ule ule, hakuna iliyobonyea. Aliyezipanga hakuwa na haraka wala hakuwa mvivu. Hapo visingizio vyangu vyote vikaisha kwa mara moja.

Dada alikuwa mpole. "Mama, leo mmeniletea mbichi."

Nikamwambia si mbichi, aonje. Akaonja ile ya kijani. Akaitafuna polepole, akatazama nusu iliyobaki mkononi.

"Ni tamu, sikatai. Hata inashinda ile nyeusi. Lakini bibi arusi alionyeshwa picha, na kwa picha ni nyeusi. Siwezi kumwambia afunge macho siku ya arusi yake."

Nikacheka. Nilicheka mpaka naye akacheka, na ndani ya kicheko hicho nilikuwa nikifikiri jambo moja tu: trei zikirudi nyumbani, mzee wangu atajua kwamba nimejua. Nyeusi peke yake hazikutosha keki. Dada akasema atatafuta plamu. Nikafunga upya kamba zile kwa fundo la mzee wangu, nikabeba.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda hadi Ngara, kwa mwanamke mmoja anayeuza matunda kwa jumla, rafiki yangu wa miaka mingi ambaye mdomo wake unaweza kumenya nanasi. Alifunua trei, akazitazama za kijani, akaniangalia mimi.

"Si wewe ulinifundisha nyeusi ndiyo tamu? Leo dini imebadilika?"

Wenzake wa vibanda vya jirani wakaangua kicheko. Nikamwambia ni zile zile, karibu mti ule ule, aonje tu. Akasema hana haja ya kuonja, wateja wake hawanunui mdomo wake. Akachagua nyeusi zote kwa vidole vya haraka, tap, tap, tap, kazi ambayo mume wangu alishinda mchana mzima akidhani ameifanya, na za kijani akanirudishia kwenye mfuko. Mvua ikaanza. Nilisimama chini ya kibaraza cha duka la vitenge nikala tini moja, nikala nyingine. Sijawahi kula tini tamu kuliko zile. Zilichumwa siku ile ile zilipopaswa kuchumwa, zote, hakuna hata moja iliyokuwa mapema. Hilo mikono ya mzee wangu ilikuwa bado inalijua.

Nilipofika nyumbani alikuwa amekaa mlango wa jikoni akisikiliza mvua kwenye mabati. Akaniuliza wamesemaje. Nikasema wamefurahi. Nikaweka mfuko chini kwa uangalifu, lakini mfuko uliolowa una sauti yake.

Akauliza hicho ni nini. Nikasema vitunguu.

Akanyoosha mkono, akaingiza mfukoni, akatoa moja. Akaipapasa kuanzia kitako hadi juu.

"Vitunguu vyenye shingo," akasema.

Mimi, ambaye nina la kujibu hata kwa redio, nikaanza kuvua viatu vilivyolowa. Akaishika ile tini muda mrefu, ameielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akaniuliza swali ambalo alikuwa amelikimbia mwaka mzima.

"Ni rangi gani?"

"Kijani."

"Zilizobaki?"

"Kijani zote, Baba."

Akairudisha mfukoni. Akaniambia kwamba tangu kabla ya Krismasi zote zimekuwa na rangi moja, rangi ya jioni. Kwamba ananiona nikisogea lakini uso wangu anaujaza mwenyewe kwa kukumbuka. Kwamba skafu ile alidhani ni ya buluu. Aliyasema bila kulalamika, kama mtu anayekabidhi funguo. Nilitaka kumwuliza kwa nini hakuniambia. Badala yake nikamwuliza kama atakunywa chai.

Kliniki ya macho walituambia kwamba sukari imeharibu mishipa ya nyuma ya jicho na damu imevuja. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki huenda kikalindwa, akichungwa vizuri. Daktari alikuwa kijana, alituambia maneno hayo akimtazama mzee wangu usoni na mzee wangu akitazama kidogo kando yake, mahali sauti ilipokuwa imetoka mara ya mwisho. Kwenye njia ya kurudi nilisema vichekesho vingi. Sikumbuki hata kimoja.

Nilidhani suluhisho ni jepesi. Nikamwambia yeye achume, mimi nitapanga.

"Utapanga saa ngapi? Alfajiri uko sokoni, mchana kibandani. Tunda linangoja?"

Nikasema basi tutafute mtu wa kusaidia.

"Na mimi nitakuwa nani hapa? Wa kuchungwa kama kuku?"

Mvua za masika zikashika kweli. Siku nyingi hakusema kitu cha maana. Alikaa mlangoni, na kila nilipotoka nilimkuta ameuelekeza uso kule nyuma kwenye mitini, ambayo kwake sasa ilikuwa giza moja kubwa lenye sauti ya maji. Tini zilizokuwa zimebaki zikaoza tawini. Nyumba yetu imewahi kuwa na msiba, imewahi kuwa na njaa, lakini haikuwahi kuwa kimya hivyo. Hata mimi niliishiwa vichekesho.

Kisha siku moja, tukila, akasema, "Tukate mmoja."

Nilielewa papo hapo na nikajifanya sijaelewa. Akaeleza polepole. Ukibaki wa nyeusi peke yake, kila atakachokishika ni cheusi. Hatahitaji kuona. Atapapasa, akisikia imelegea atachuma, atapanga, nami nitabeba, na hakuna trei itakayorudi. Nikamwambia ule wa kijani ndio wenye utamu, anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Akasema anajua. Nikamkumbusha mamake. Akasema mamake yuko mahali ambapo rangi hazina shida, atamwelewa, na kama hatamwelewa watasemezana wakikutana.

Tulingoja mvua ipumzike. Ilikuwa Jumamosi ya mawingu mazito, ardhi inanyonya gumboti. Yeye alibeba panga na msumeno, mimi nikabeba mdomo wangu ambao siku hiyo haukuwa na kazi. Mashina mawili yalitoka pale shimoni yameegemeana, ganda lile lile la kijivu, na hata mwenye macho mazima ilimbidi afuate kwa makini hadi juu ndipo ajue lipi ni lipi. Akainama, akaweka kiganja juu ya shina moja na kiganja kingine juu ya la pili.

"Ni upi?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kudanganya. Ningeweza kumwekea mkono kwenye shina la nyeusi, tukaukata huo, tukabaki na asali yetu hadi kufa. Nilifikiria hivyo kwa muda ambao mtu hupumua mara moja. Lakini za kijani zingerudi kutoka kibandani kila siku, nami ningedanganya kila jioni nikiulizwa wamesemaje, na angesikia. Nilimshika mkono wa kushoto, nikaubonyeza kwenye shina.

"Huu."

Hakuuliza mara ya pili. Akaanza kukata. Mtini una utomvu mweupe kama maziwa, unaowasha ngozi, na ulitiririka kwenye msumeno na kwenye vidole vyake. Akaniuliza kama unatoka mwingi. Nikasema kidogo tu. Ulikuwa mwingi sana. Shina lilipokatika mti haukuanguka, maana matawi yake yalikuwa yameshikwa na ya mwenzake kila mahali. Ukabaki umening'inia hewani bila mguu, na ikatubidi kuutoa kipande kwa kipande, tawi kwa tawi, jioni ile yote na siku iliyofuata baada ya kanisa. Yeye anavuta, mimi nasema, "Acha hilo, ni la nyeusi." "Vuta hilo." Jirani wa juu ya ua alitazama kazi yetu, akaniuliza kwa nini tunakata ule ambao bado haujawahi kuiva. Nikamwambia tumechoka kungoja. Akatikisa kichwa, akakubaliana nami kabisa.

Kwenye tawi la juu kabisa, mahali ambapo ndege hawakufika kwa sababu ya majani, kulikuwa na tini moja ya kijani iliyoponea mvua. Ilikuwa laini. Niliipasua, nikampa nusu, kwa kuwa daktari alikuwa amesema kidogo kidogo. Aliila akiwa amesimama kwenye matawi yaliyolala chini, amefumba macho. Sikumwambia nimeona.

Baridi ya mwezi wa saba mti uliobaki ulizaa kidogo, lakini ulizaa. Mzee wangu alipanda ngazi mwenyewe. Nilimkuta jioni akiwa amemaliza trei moja, mistari imenyooka, shingo upande mmoja, nyeusi tupu hadi pembeni. Ilikuwa nzuri kiasi cha kutiwa kwenye fremu. Nilionja moja alipogeuka. Ilikuwa maji.

Yule dada wa keki aliipokea trei ile Karen kwa mikono miwili, akaipiga picha kabla hata ya kuigusa. Hakuonja. Alisema hizi sasa ndizo zenyewe, na akaagiza nyingine za wiki itakayofuata.

Niliporudi mzee wangu alikuwa mlango wa jikoni, koti limefungwa hadi shingoni kwa sababu ya ukungu. Akaniuliza wamesemaje. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi sikuhitaji kutunga chochote. Nikamwambia wamezipenda, wameagiza zingine. Akatabasamu, akapangusa mikono kwenye suruali kama mtu aliyetoka kazini, akasema kesho kuna moja itakuwa tayari, nyuma ya tawi lililovunjika, ameishika leo.

Nikazunguka nyuma kuanika nguo. Tangu tuukate ule mti kuna nafasi, na kamba inapita pale pale.